Tusimalizane Kifamilia: Wito kwa Wananchi wa Lualaba

Ndugu wananchi wa Kolwezi na Lualaba yote, tarehe 13 Desemba 2017 mahakama ya kijeshi iliyoketi Kavumu, Kivu Kusini, ilimhukumu Frédéric Batumike kifungo cha maisha kwa uhalifu dhidi ya ubinadamu. Mbele za watu alikuwa mbunge wa jimbo. Usiku wanamgambo wake, walioitwa Jeshi la Yesu, waliingia majumbani mwa watu wa Kavumu. Kati ya 2013 na 2016 watoto wa kike wapatao 40 walichukuliwa walikolala na kubakwa, kwa kuwa mganga aliwaaminisha wanaume hao kwamba damu ya bikira ingewakinga vitani. Baadhi ya watoto hawakuwa wamefika hata miaka mitano. Rufaa ya 2018 iliithibitisha hukumu.

Ni rahisi kudhani kwamba ujanja ndio uliomficha. La, alifichwa na hesabu yetu mbovu. Kila mtoto alihesabiwa peke yake: familia hii na msiba wake, ile na faili lake. Waliounganisha mambo ni madaktari wa hospitali ya Panzi, waliopokea watoto wenye majeraha ya aina moja kutoka sehemu moja, pamoja na wazazi na watetezi wa haki, ambao mmoja wao aliuawa kwa uchunguzi wake. Mwaka 2016 mafaili yalipokusanywa mikononi mwa waendesha mashtaka wa kijeshi, Batumike alikamatwa Juni ya mwaka huohuo, mbunge au si mbunge.

Wapo watakaosema Kolwezi si Kivu, hapa hatuna wanamgambo. Kweli, lakini sisi tuna njia yetu ya kutawanya mafaili: kumalizana kifamilia. Mbakaji akilipa franka na mbuzi, shauri linafutika. Kesho anahama Kasulo kwenda Fungurume kutafuta shimo lingine la kuchimba, na majirani wapya wanampokea kama mtu safi. Katika mji wa machimbo, ambako watu huja na kuondoka kila siku, malipo hayo humwachia njia ya kumfikia mtoto wa pili. Sheria za nchi yetu za tarehe 20 Julai 2006 kuhusu ukatili wa kingono zinataka mashauri haya yafike mahakamani na yaamuliwe upesi. Hazikuacha nafasi ya kuyanunua.

Wengine wanahofia aibu ya mtoto. Huko Kavumu mashahidi walifichwa sura na sauti zao zikabadilishwa. Aibu ilibaki kwa waliotenda. Wengine wanahofia kumsingizia asiye na hatia, na hofu hiyo ni ya haki. Ndiyo sababu hatuiti umati wenye mawe na matairi: tunaita ushahidi, kwa kuwa ushahidi humlinda hata mshukiwa.

Basi tufanye hivi. Mtoto apelekwe hospitali kabla ya saa 72 kupita, na cheti cha daktari kitunzwe. Kila nyumba kumi iandike tarehe na mahali pa kila tukio bila kutangaza jina la mtoto, na wakuu wa mitaa wakutane kulinganisha madaftari yao. Wachungaji, wazee na viongozi wa wachimbaji wakatae kusimamia malipo, hata mshukiwa akiwa mtu mkubwa. Kavumu ilianza kuhesabu baada ya watoto wengi mno. Sisi tuanze na mtoto wa kwanza.