Baiskeli ya Kijana: Gia za Daraja Gani?

Kijana aombapo baiskeli ya barabarani, mzazi hapa Uingereza hukabiliwa na swali zito la mfuko: achague vifaa vya daraja la chini, kama Shimano Claris, au vya daraja la kati, yaani Shimano 105?

Claris ina gia 8 za nyuma. 105 iliyotoka mwaka 2022 ina 12. Gia zikiwa nyingi, hatua baina yake huwa ndogo, na miguu hunufaika katika safari ndefu. Aghalabu 105 huja na breki za diski za mafuta, ambazo hushika vyema mvuani kwa nguvu kidogo ya vidole.

Wahenga walisema rahisi ghali. Ni kweli, lakini mnyororo wowote hulika kwa mvua na mchanga, na ule wa gia 12 hugharimu zaidi kuubadilisha.

Kwa hiyo, kijana aendaye chuoni maili 3 atosheke na Claris. Fedha itakayosalia inunue taa, kofia na matairi imara. Mwenye kusafiri maili 50 kila Jumapili, 105 kwake si anasa. Kabla ya kulipa, muulizeni muuzaji bei ya mnyororo wa akiba.