Watoto waelezwe mfupa ulivyogeuka jiwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu kuhusu safari za masomo ambazo sisi walimu wa mikoani hufanya Dar es Salaam.

Watoto huonyeshwa bandari, hupitishwa Kariakoo, kisha hupelekwa Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, ambako limehifadhiwa fuvu la Zinjanthropus. Wanaandika kwamba liligunduliwa na Mary Leakey huko Olduvai tarehe 17 Julai, 1959, na kwamba lina umri wa miaka milioni 1.75. Basi, tunarudi kwenye gari. Mwanafunzi wangu wa darasa la sita aliniuliza: mbuzi wetu aliyekufa mwaka juzi hana hata mfupa uliobaki, huyu amebakije?

Jibu laanzia pale pale Kariakoo. Kichwa cha samaki kikitupwa jalalani, kunguru na paka hawakiachi kifike jioni. Kikisalia kipande, jua na mvua humaliza. Ndiyo hali ya karibu kila kiumbe kinachokufa.

Zinjanthropus alifia karibu na ufuko wa ziwa ambalo leo halipo. Maji yake yalikuwa ya chumvi na magadi, yakipanda na kushuka, na kila yalipopanda yaliacha tope laini. Milima ya volkano ya upande wa Ngorongoro nayo ilimwaga majivu. Mfupa uliofunikwa upesi ulisalimika: fisi hakuufikia, na hewa ya kuozesha ilikuwa haba. Maji yenye madini yakapenya katika vitundu vya mfupa, madini yakaganda humo kidogo kidogo kwa miaka mingi mno, mfupa ukawa mgumu na mzito kama jiwe. Hicho ndicho kisukuku. Na umri ule uliotangazwa mwaka 1961 haukupimwa katika fuvu, bali katika majivu ya volkano ya tabaka lilimopatikana.

Hapo ndipo penye wasiwasi wangu. Kaskazini kwetu kuna sehemu nyingi zenye matope ya maziwa ya kale. Mwaka 1964 Kamoya Kimeu aliona taya la jamii ile ile ya Zinjanthropus huko Peninj, kando ya Ziwa Natron. Mvua zikichimba makorongo, visukuku hujitokeza, na watoto wachungaji huweza kuviona kabla ya mtaalamu yeyote. Mtoto akikiokota akaenda kukichezea nyumbani, nani tena atajua kilitoka tabaka gani? Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 ipo, lakini mchungaji wa miaka kumi hasomi sheria.

Naomba wahusika wa elimu na makumbusho wazipatie shule za wilaya hizi nakala za plasta za fuvu hilo, na kila mwalimu afundishe habari ya tope na majivu kabla ya safari. Watoto waambiwe wazi: ukiona mfupa wa jiwe usiung'oe, weka alama, mwite mwalimu au mwenyekiti wa kijiji.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Karatu.