Mtoto wa kijijini anafelishwa na lugha, si akili

Mwezi uliopita nilikwenda Mkoa wa Kusini kwenye msiba. Wakati wa kungoja gari la kurudi Kigali nilikaa karibu na mama mmoja anayeuza maparachichi kando ya barabara. Kazi yenyewe alikuwa anaifanya binti yake, mtoto wa miaka tisa hivi, angali na sare ya shule mwilini. Nilichukua maparachichi manne, kila moja faranga 150, nikampa noti ya 1,000. Sijafunga hata mkoba wangu, tayari amenirudishia 400.

Nikamsifu kwa mama yake. Mama akacheka, akaniambia: "Mzee, huyu anarudia darasa la tatu. Hesabu ndizo zinazomshinda."

Nikaomba nione daftari. Kulikuwa na swali la mtu aliyekuwa na mayai 12, akauza 5, kisha mwanafunzi anaulizwa yamebaki mangapi. Swali lote liliandikwa kwa Kiingereza. Mtoto alikuwa amelinakili neno kwa neno, kwa mwandiko mzuri kuliko wangu, na mahali pa jibu akaandika 12. Nikamwuliza swali hilo hilo kwa Kinyarwanda. "Saba," akajibu, huku akinitazama kama mtu aliyeulizwa jina lake.

Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza tunamwonea mtoto huyu kwa kosa gani.

Mimi ni mtoto wa Biryogo, na habari za watoto kuachwa nje ya mlango wa shule si ngeni kwetu. Wakati wa Wabelgiji elimu ilikuwa mikononi mwa wamisheni. Sisi Waislamu, tuliokuwa tukiitwa Waswahili, tulitengewa mtaa wetu na kuonekana watu wa biashara na safari tu. Marehemu baba yangu alitamani kusoma. Ili aandikishwe alilazimika kuingia na jina jingine, si lile alilopewa na babu, na kwa miaka minne aliitikia jina lile darasani, akirudi nyumbani analivua pamoja na sare. Wengi wa rika lake hawakukubali, wakabaki hawajui kusoma. Ndiyo maana mpaka leo ukitazama wazee wa Nyamirambo utawakuta madereva, mafundi na wafanyabiashara hodari, lakini wenye vyeti ni wa kuhesabu.

Nilipoingia shule mimi, miaka ya 1970, jina la Kiislamu halikuwa tatizo kubwa tena. Tatizo lilikuwa kabila. Mwalimu aliingia na orodha, akaamuru watoto wa kabila hili wasimame, akahesabu, kisha wa kabila lile, akahesabu. Nafasi za sekondari ziligawanywa kwa kabila na kwa mkoa, mpango ulioitwa iringaniza, ambalo ni neno zuri tu, lina maana ya usawa. Rafiki niliyekaa naye dawati moja alikuwa wa kwanza darasani miaka yote. Mimi nilikuwa wa nne au wa tano. Majina ya waliochaguliwa yalipobandikwa, langu lilikuwapo, lake halikuwapo. Sikuuliza kitu. Nilikimbia nyumbani kumwambia mama.

Baada ya 1994 mambo hayo yaliondolewa, na tuwape haki yao walioyaondoa. Kitambulisho hakina kabila. Mtoto anafanya mtihani wa taifa kwa namba. Ada ya shule ya msingi imefutwa, elimu ya msingi imefikishwa miaka 9, na tangu 2012 miaka 12. Mwaka 2020 yalijengwa madarasa zaidi ya 22,000 ili kupunguza msongamano. Chakula cha mchana shuleni, mzazi wa mtoto wa shule ya msingi amekuwa akichangia faranga 975 kwa muhula, na sehemu kubwa inabebwa na serikali. Walimu wa msingi waliongezewa mshahara kwa asilimia 88 mwaka 2022. Nani angeyaota hayo enzi za baba yangu?

Kwa hiyo mtu asinielewe vibaya. Sisemi Kiingereza ni iringaniza. Aliyepanga iringaniza alijua anayemnyima na alikusudia kumnyima. Walioleta Kiingereza walikusudia kumfungulia mtoto dunia. Lakini kwa yule binti wa maparachichi nia njema haipunguzi chochote. Yeye anachojua ni kwamba amerudia darasa.

Tukumbushane tulivyofika hapa. Oktoba 2008 Baraza la Mawaziri liliamua masomo yafundishwe kwa Kiingereza, na mwaka uliofuata walimu waliosomea Kifaransa maisha yao yote wakatakiwa kufundisha kwa lugha ambayo wengi wao walikuwa hawaijui. Mwaka 2011 ikaonekana watoto wadogo wanaumia, Kinyarwanda kikarudishwa darasa la kwanza hadi la tatu. Kisha Desemba 2019 Wizara ikatangaza Kiingereza kianze tena darasa la kwanza, Kinyarwanda kikabaki somo tu. Katika miaka 11 tumegeuza lugha ya mtoto mara tatu. Hata mama wa kambo hawezi kumbadilishia mtoto kitanda mara nyingi hivyo.

Hoja ninayoisikia zaidi kwa wanaotetea uamuzi wa 2019 ni hoja ya usawa, na ni hoja nzito. Wanasema shule za binafsi za Kigali zinafundisha kwa Kiingereza tangu chekechea. Je, watoto wa maskini waachiwe Kinyarwanda ili baadaye wawe watumishi wa wenzao? Nami sina ubavu wa kuwacheka, kwa sababu wajukuu zangu wawili wako katika shule hizo hizo na sehemu ya ada naitoa mimi. Wanatazama katuni za Kiingereza, mama yao anawasemesha Kiingereza wakati wa kula. Walipofika darasa la kwanza walikuwa na miaka mitatu ya lugha hiyo vichwani.

Hapo ndipo penye kasoro. Mjukuu wangu na binti wa maparachichi wamepewa kitu kimoja, lakini mmoja amekipokea akiwa amesimama na mwingine akiwa shimoni. Kijijini Kiingereza hakipo nyumbani, hakipo sokoni, hakipo kanisani wala msikitini. Kipo ubaoni tu, na mwalimu mwenyewe anakitafuta. Kengele ikilia kimekwisha mpaka kesho. Halafu baada ya darasa la sita wote wawili wanafanya mtihani mmoja, karatasi moja, na alama zinaamua nani aende shule nzuri ya bweni. Tukisoma matokeo tunasema wa mjini wana akili.

Nchi yetu ina bahati ambayo majirani wengi wanaitamani. Karibu kila Mnyarwanda anazungumza Kinyarwanda, wa mlimani na wa bondeni. Uganda wakitaka kufundisha kwa lugha ya mama lazima wachague miongoni mwa lugha kadhaa, na kila chaguo lina ugomvi wake. Sisi hatuna udhuru huo. Tanzania wanafundisha kwa Kiswahili miaka yote ya msingi, na mtoto wao wa darasa la tatu anajua anachoulizwa. Kweli, wanakwama kidato cha kwanza Kiingereza kinapowaingia ghafla, na hilo nalo ni funzo kwamba lugha ya pili inahitaji kuandaliwa mapema, kama somo, na mwalimu anayeijua.

Ninachoomba si kufukuza Kiingereza. Nataka hesabu na sayansi za darasa la kwanza hadi la tatu zirudishwe kwenye Kinyarwanda, safari hii katika shule zote, za serikali na za binafsi, ya wajukuu zangu ikiwamo. Tukiwaacha wenye pesa nje ya sheria hiyo, baada ya miaka mitano mzazi wa kijijini atadai Kiingereza tena, na atakuwa na haki. Kiingereza kifundishwe kila siku kama somo, na walimu wake wapatikane kwanza vijijini. Na katika mtihani wa darasa la sita, swali la hesabu liandikwe kwa lugha mbili, moja chini ya nyingine. Gharama yake ni kurasa chache za karatasi.

Najua Wizara itasema tumechoka kubadilisha. Hata mimi nimechoka. Lakini yule binti sasa yuko darasa la tatu kwa mara ya pili, na mama yake aliniambia kwamba akishindwa tena ataona afadhali abaki naye barabarani, kwa kuwa biashara anaijua.