Nyumba Bila Daftari

Wako watu wasemao kwamba bonde la Kilombero halina ujenzi wa asili unaostahili kuhifadhiwa. Husema hivyo kwa kuwa wamezoea mawe: wamefika Kilwa Kisiwani, wamesimama mbele ya Msikiti Mkuu, kisha wamerudi na kipimo kimoja cha kupimia kila jengo. Kwa kipimo hicho pwani ina historia, na Ifakara ina miti, nyasi na udongo tu. Maneno hayo nayapinga.

Nayapinga kwanza kwa sababu hayatazami kazi yenyewe. Katika bonde ambalo mto hufurika na kufunika mbuga za mpunga, Wandamba waliinua makao yao juu ya nguzo. Kukisia kimo cha maji yajayo, kuchagua mti usiooza upesi, na kulaza paa ili mvua iteleze, hiyo ni elimu, ingawa haikuandikwa.

Sheria nayo imesaidia upofu huu. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 iliweka mpaka wa mwaka 1863: jengo lililosimama kabla ya hapo ni la kale, na mengine hungoja tangazo la Waziri. Nyumba ya miti na nyasi itapitaje mlango huo, hali mwili wake hufanywa upya kila mara? Wajapani wameona mbali zaidi. Hekalu la Ise hujengwa upya kila baada ya miaka 20, na mara ya mwisho ilikuwa mwaka 2013. Wala hakuna asemaye kwamba hekalu hilo si la kale. Umri wake umo mikononi mwa mafundi.

Tena, ni nani aliyetuambia kuwa jiwe hudumu? Sehemu ya Beit al-Ajaib ya Unguja iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Misalaba ya mawe katika makaburi ya Waarmenia huko Julfa, Nakhchivan, ilivunjwa hata mabaki yake ya mwisho mwaka 2005. Leo ulimwengu huijua zaidi kwa picha alizopiga Argam Ayvazyan kabla ya kuvunjwa. Jiwe lilishindwa, daftari likabaki.

Wala si kwamba Kilombero haina daftari. Tangu Waswisi walipofungua maabara Ifakara mwaka 1957, mbu amefuatwa hadi upenuni. Wanasayansi wamejenga vibanda vya majaribio kwa mfano wa nyumba za wenyeji ili wajue aingiavyo na atokavyo. Sheshe wamehesabiwa kutoka angani, na mwaka 2002 bonde liliingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu. Kazi hizo ni njema, nami nazisifu. Lakini nani amemhesabu fundi?

Nitaambiwa kwamba nataka wakulima wabaki katika nyumba za nyasi. La, sitaki. Bati na tofali ni haki yao, na nyumba izuiayo mbu ni bora kuliko nyumba imkaribishayo. Nisemalo ni hili: aachaye kitu na aandike kwanza alichokiacha.

Basi, wanafunzi wa vyuo vyetu wanaorudi Ifakara, Mlimba, Malinyi na Mahenge wakati wa likizo wachukue kamba ya kupimia, karatasi na kinasa sauti. Wapime nguzo, mwamba, kombamoyo na mtambaapanya; wachore; waandike jina la kila kiungo kwa Kindamba, Kipogoro na Kibena, kama fundi alitamkavyo. Kisha ijengwe Ifakara nyumba moja kwa mikono ya mafundi hao, na kila inapochakaa ijengwe upya, vijana wakishika fito na kuuliza maswali. Na sheria yetu irekebishwe, ipime ustadi pamoja na miaka.

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Walimwonya mwenye duka. Sisi wenye vyuo tumejidhani hatuhusiki. Mafundi wanaojua kuinua nyumba juu ya maji ni wazee sasa, na likizo ijayo haiko mbali. Tuanze nayo.