SAYANSI NYUMBANI: Kompyuta Ndani ya Mafuta

Ukimwambia mtu kwamba kompyuta yaweza kufanya kazi ikiwa imezamishwa katika mafuta, huenda akadhani unamtania. Jambo hilo ni la kweli, wala si geni. Transfoma nyingi za mitaani zimejaa mafuta, na kazi yake ni hiyo hiyo: kuzuia umeme usivuke pasipotakiwa, na kuondoa joto.

Maji ya bomba hupitisha umeme. Mafuta safi ya madini hayapitishi. Tena, kwa ujazo ule ule, mafuta huchukua joto zaidi ya mara 1,000 kuliko hewa. Ndiyo maana mwaka 2013 wataalamu wa Tokyo Institute of Technology, nchini Japani, waliizamisha kompyuta yao kubwa, TSUBAME-KFC, katika mafuta. Novemba mwaka huo ilishika nafasi ya kwanza katika orodha ya Green500, inayopima kazi ifanywayo kwa kila wati ya umeme.

Anayetaka kujaribu nyumbani ahitaji tangi, mafuta safi ya madini, pampu ndogo na rejeta. Wengi huisahau rejeta. Mafuta hayalimalizi joto, hulihamisha tu. Kompyuta ya wati 300 katika lita 30 za mafuta, joto lisipopata pa kutokea, huyapandisha takriban nyuzi 20 kwa saa moja. Diski ya kuzunguka yenye tundu la hewa isizamishwe. Mafuta ya kupikia hayafai, kwani baada ya muda huharibika na kunuka. Umeme uzimwe kabla mkono haujaingia, na moto ukae mbali.

Lakini lipo onyo kubwa zaidi. Asije mtu akashawishika kununua mafuta yaliyoibwa kwenye transfoma, ati kwa kuwa ni rahisi. Transfoma iliyonyonywa mafuta huungua, na mtaa mzima hukaa gizani: zahanati, mashine ya kusaga, na mtoto anayejisomea. Isitoshe, baadhi ya transfoma za zamani zina sumu ya PCB, inayosababisha saratani. Mafuta hayo hayafai kwa tangi la kompyuta, sembuse kukaangia chipsi.

Basi tujifunze kanuni ya transfoma, na mafuta yake tuyaache yalipo. Hayo ni mali yetu sote.