Elimu bila Amali: Ofisi za Chuo Kikuu Zifunguliwe kwa Wanagenzi Wake

Wahenga walinena kuwa elimu bila amali ni kama nta bila asali. Kauli hii hurudiwa mara nyingi katika kumbi zetu za mihadhara, lakini ni nadra kutumiwa kuipima taasisi yenyewe inayotufunza. Makala haya yanashikilia hoja moja: kwamba chuo kikuu ni mahali pa kazi kama kilivyo mahali pa masomo, na kwamba mwanafunzi wa shahada ya kwanza, hususan mwanafunzi wa Kiswahili, anastahili nafasi ya uanagenzi katika ofisi zake za uongozi na utawala. Chuo kinapomnyima nafasi hiyo hujinyima viongozi na watumishi wa kesho, na lugha yetu nayo hukosa uwanja ambao Katiba imekwisha kuitengea.

Tutazame kwanza hali ilivyo. Mwanafunzi wa ualimu hupelekwa shuleni kufanya mazoezi ya kufundisha, akatembelewa na wahadhiri na kukadiriwa. Mwanafunzi wa udaktari hujifunza kando ya kitanda cha mgonjwa, katika hospitali kama ile ya Kitaifa ya Kenyatta jijini Nairobi au ile ya Mafunzo na Rufaa ya Moi mjini Eldoret. Chuo Kikuu cha Egerton kilianza mwaka 1939 kama shule ya kilimo huko Njoro, na hadi leo hakuna anayedhani kuwa kilimo chaweza kufundishwa ubaoni pekee, pasi na shamba. Mwanafunzi wa Kiswahili asiyesomea ualimu naye hubisha hodi redioni, magazetini na katika mashirika ya uchapishaji. Akikosa, huendelea kuzungusha barua za maombi mjini, ilhali kila asubuhi hupita mbele ya ofisi ya msajili, ya mkuu wa kitivo, ya mlezi wa wanafunzi na ya mhasibu. Ofisi hizo ndizo shamba lililo karibu naye zaidi, lakini aghalabu huingia humo akiwa mwenye shida tu: kulipa karo, kuulizia alama au kuomba barua. Kinyozi, kwa kweli, hajinyoi. Chuo huwaandikia waajiri wengine kuwasihi wawapokee wanafunzi wake, chenyewe kisijihesabu miongoni mwa waajiri hao.

Yamkini msomaji atauliza: mwanafunzi wa Kiswahili ana nini cha kuipa ofisi ya msajili? Jibu tunalo tangu shule ya upili. Kila aliyepitia mfumo wa 8-4-4 anaikumbuka karatasi ya kwanza ya mtihani wa Kiswahili na insha zake za kiuamilifu. Tulifunzwa barua rasmi na nafasi ya neno la kutanguliza mada. Tulifunzwa ripoti, hotuba na kumbukumbu za mkutano: waliohudhuria, waliotuma udhuru, waliokosa bila udhuru, yatokanayo na kumbukumbu zilizopita, shughuli nyinginezo na kufunga mkutano. Tulijaza madaftari kwa kumbukumbu za mikutano ambayo haikuwahi kufanyika, ya vyama ambavyo havikuwahi kuwako. Chuoni tumeongezewa nadharia za tafsiri, isimujamii na sajili za lugha. Tunaweza kueleza sifa za sajili ya ofisini katika mtihani na kutuzwa alama nzuri, lakini wengi wetu tutafuzu bila ya kuandika hata waraka mmoja uliotiwa sahihi na mkubwa wa ofisi na kubandikwa ukutani ili watu wautii.

Hiyo ni hoja ya lugha. Ipo hoja nyingine nzito zaidi, nayo ni ya uongozi. Kwa muda mrefu njia kuu ya mwanafunzi kuufikia uongozi chuoni imekuwa siasa za chama cha wanafunzi. Njia hiyo ina historia ya heshima na ya machungu pia. Chama cha wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, SONU, kilipigwa marufuku mwezi Novemba 1987, na viongozi wake wakatiwa mbaroni. Baadaye, marekebisho ya mwaka 2016 ya Sheria ya Vyuo Vikuu yaliondoa mtindo wa kila mwanafunzi kuwachagua viongozi wakuu moja kwa moja, mahali pake pakawekwa wajumbe wa kuwachagua kwa niaba ya wenzao. Mtu anaweza kuyaunga mkono mabadiliko hayo au kuyapinga. Lisilopingika ni kwamba, kwa mtindo wowote ule wa uchaguzi, wanaopata nafasi ni wachache, na wanachojifunza kwanza ni kuomba kura. Kuomba kura ni sehemu ya uongozi, lakini si uongozi wote. Zipo sehemu nyingine zisizoshangiliwa na mtu: kusoma faili kabla ya kikao, kupanga bajeti isiyotosha, kumsikiliza mlalamishi hadi mwisho, kuandika uamuzi kwa maneno ambayo hayatazua ugomvi kesho.

Chukua mfano wa tatizo la alama kukosekana, ambalo hakuna msomaji wa jarida hili asiyelijua. Mwanafunzi hufanya mtihani, hungoja, kisha huambiwa kuwa alama zake hazionekani. Huenda kwa mhadhiri akaelekezwa idarani, idara ikampeleka kitivoni, kitivo kikamrudisha kwa mhadhiri. Mwaka wa kuhitimu ukifika jina lake huachwa nje ya orodha, na mzazi aliyekwisha kuuza ng'ombe ili alipe karo huachwa na maswali. Sisi wanafunzi hulieleza tatizo hili kwa hasira, na tuna haki. Hata hivyo, ni wangapi miongoni mwetu wanaojua njia inayopitiwa na alama moja, kutoka kwa msahihishaji hadi kwa mtahini wa nje, hadi bodi ya idara, hadi kitivo, hadi Seneti? Mwanagenzi aliyekaa wiki kumi katika ofisi ya kitivo angejua ni wapi karatasi hukwama: kama ni kwenye meza ya aliyechelewa kusahihisha, kwenye fomu isiyotiwa sahihi, au kwenye jina lililoandikwa kwa namna mbili. Akitoka hapo hatakuwa na hasira pungufu. Atakuwa na hasira yenye anwani. Kiongozi wa wanafunzi mwenye maarifa ya aina hiyo ataingia katika meza ya mazungumzo na pendekezo, na maafisa watashindwa kumwondoa kwa maneno matamu.

Sasa turejee kwenye Kiswahili. Ibara ya 7 ya Katiba ya mwaka 2010 inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na tena kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Sheria ya mwaka 2016 kuhusu haki ya kupata habari nayo inawataka wenye dhamana za umma wazingatie, miongoni mwa mengine, lugha ya wanaohudumiwa wanapotoa taarifa. Vyuo vikuu vya umma ni sehemu ya taasisi hizo. Licha ya hayo, barua ya kumwita mwanafunzi chuoni, kanuni za mitihani, masharti ya mabweni na ilani za karo aghalabu huandikwa kwa Kiingereza peke yake. Mwaka 2023 serikali ilipoanzisha mfumo mpya wa kufadhili masomo ya chuo kikuu, gharama ya kila mwanafunzi iligawanywa kuwa ufadhili, mkopo na sehemu ya kulipwa na familia, kwa kutegemea uwezo wa nyumba anakotoka. Ilihitajika familia ielewe imewekwa katika kiwango gani, kwa nini, na ikate rufaa vipi. Hayo si mambo ya kumfafanulia mzazi kwa haraka dirishani, kwa lugha anayoijua nusunusu. Fikiria, ndugu msomaji, mzazi aliyesafiri usiku kucha kutoka Lodwar au Lamu. Mwanagenzi wa Kiswahili aliyeketi kwenye dirisha hilo, akiwa na maelezo yaliyotafsiriwa vyema na kuidhinishwa na ofisi, angemwondolea mzazi huyo safari ya pili.

Fauka ya hayo, ofisi ni karakana ya istilahi. Wenzetu wa Tanzania waliamua mwaka 1967 kuendesha shughuli za serikali kwa Kiswahili, na msamiati wa utawala ukakomaa kwa sababu ulitumika mezani kila siku. Sisi hata vyeo vya chuoni hatujaafikiana. Anayeitwa Makamu Mkuu wa Chuo kule Dar es Salaam, huku kwetu huyu humwita Naibu Chansela, yule Makamu wa Chansela. Mjadala kama huu hauwezi kumalizwa na makongamano pekee. Utamalizwa na makarani, maafisa na wanagenzi watakaolazimika kuchagua neno moja kwa sababu barua inangojwa.

Zipo pingamizi, na si haki kuzipuuza. Ya kwanza ni ya siri. Ofisi za utawala zina rekodi za alama, nidhamu, afya na hali ya fedha za wanafunzi, na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 haichezewi. Pingamizi hii ni ya kweli, lakini dawa yake si kumfungia nje mwanafunzi. Hospitali hazijawafungia wanafunzi wa udaktari. Mwanagenzi ale kiapo cha kutunza siri, asikabidhiwe mafaili ya wanafunzi wenzake, wala asipewe uwezo wa kugusa alama.

Ya pili ni kwamba uanagenzi waweza kugeuka kuwa kazi ya bure: mwanafunzi akatumwa chai na kunakilisha karatasi, au akatumiwa kuziba pengo la karani ambaye chuo hakitaki kumwajiri. Hofu hii nayo ina msingi. Vyuo kadhaa, kikiwemo Chuo Kikuu cha Kenyatta, vimekuwa na mipango ya kuwapa wanafunzi wahitaji kazi ili wapunguziwe mzigo wa karo, na mipango hiyo ni ya kupongezwa. Kule Marekani, Chuo cha Berea katika jimbo la Kentucky kimekwenda mbali zaidi: wanafunzi hawatozwi karo ya masomo, na kila mmoja hufanya kazi chuoni saa zisizopungua 10 kwa wiki, wengine wao katika ofisi. Hata hivyo, kazi ya kupunguza karo na uanagenzi si kitu kimoja. Kazi hupimwa kwa saa na malipo. Uanagenzi hupimwa pia kwa kile ambacho mwanagenzi amejifunza, na kwa hiyo lazima awepo wa kumfunza na wa kumkadiria.

Ya tatu ni upendeleo. Nafasi zikiwa chache, zitaliwa na wenye jamaa ofisini, au zitagawiwa wanafunzi watiifu ili wawe masikio ya wakubwa miongoni mwa wenzao. Hii ndiyo pingamizi ninayoiogopa zaidi, kwani mwanagenzi akishukiwa kuwa mpelelezi, mpango mzima utakuwa umekufa. Kinga yake ni uwazi: nafasi zitangazwe hadharani, wateuliwe kwa vigezo vinavyojulikana, na idara za masomo zishiriki katika uteuzi. Aidha, mwanagenzi asitumwe asilani kuripoti habari za chama cha wanafunzi.

Kwa msingi huo, ninapendekeza mambo yafuatayo. Kwanza, idara za Kiswahili ziombe vitivo vyao kutambua uanagenzi wa ofisini kuwa sehemu ya masomo ya shahada, kama yalivyo mazoezi ya kufundisha, ukidumu kati ya wiki nane na kumi na mbili baada ya mwaka wa pili au wa tatu. Pili, kila mwanagenzi awe na wasimamizi wawili, mmoja ofisini na mwingine idarani, na awe na daftari la kazi linalokaguliwa kila wiki. Tatu, alipwe walau posho ya nauli na chakula, ili nafasi hizi zisibaki za wale wanaolishwa na nyumbani tu. Nne, kila mwanagenzi aache kazi inayoonekana: tafsiri ya kanuni za mitihani, hati ya huduma inayosomeka mlangoni, au faharasa ya istilahi za ofisi aliyohudumu. Tano, aruhusiwe kuhudhuria angalau kikao kimoja kisicho cha siri, aandike kumbukumbu zake kwa Kiswahili, nazo zilinganishwe na zile rasmi.

Hakuna haja ya kungoja agizo kutoka juu ili tuanze. Ofisi mbili na wanagenzi wanne zatosha kwa mwaka wa kwanza: ofisi ya mlezi wa wanafunzi, ambako shida za watu hufika zikiwa bado mbichi, na ofisi ya kitivo, ambako maamuzi ya masomo huanzia. Wahadhiri wetu, ambao baadhi yao ni wanachama wa Seneti, wana sauti ya kulifikisha jambo hili mezani. Chama chetu nacho kiache kuhesabu mafanikio yake kwa idadi ya makongamano kiliyoandaa. Kiandike pendekezo, kwa Kiswahili sanifu na kwa muundo ule ule wa barua rasmi tuliofunzwa tangu shule ya upili, kiupeleke mkononi kwa msajili, na kidai jibu la maandishi. Itakuwa barua ya kwanza kwa wengi wetu ambayo haikuandikwa kwa ajili ya alama.