MANOWARI ZA OKAZI, JASHO LA WACHIMBAJI

Ndugu wachimbaji, na ninyi wakaaji wote wa Goma,

Wako watu wanaotuambia kwamba manowari ni habari ya watu wa bahari, na sisi wa milimani na ziwani tuwaachie wenyewe. Tunawajibu kwamba habari hii inatuhusu sana. Mtu asiyeuliza mzinga umenunuliwa kwa jasho la nani, siku moja ataukuta umeelekezwa mlangoni pake.

Tuanze na Wabeleji. Mwaka 1940 Wajerumani waliposhika Ubelgiji, serikali ya nchi hiyo ilikimbilia London. Mabaharia wao wakatumika chini ya Waingereza, wakapewa meli mbili za Kiingereza, Godetia na Buttercup, za kusindikiza misafara ya mizigo katika Atlantiki. Vita vilipokwisha, mwaka 1946, waliunda jeshi lao dogo la majini, nalo likatafuta meli za okazi. Kuanzia 1949 walinunua kwa Waingereza manowari za aina ya Algerine, zilizoundwa wakati wa vita ili kuondoa mabomu baharini na kulinda misafara, kila moja na mzinga wake wa milimita 102. Mwaka 1959 wakapata nyingine mbili kutoka Kanada. Ile iliyoitwa Wallaceburg wakaiita Georges Lecointe, na ile iliyoitwa Winnipeg wakaiita A.F. Dufour.

Hatuwacheki kwa kununua kitu kilichokwisha kutumika. Sisi wenyewe tunavaa mitumba na tunapanda magari ya okazi. Swali letu ni la karani: pesa ilitoka wapi?

Miaka ile ya vita, serikali ya Wabeleji kule London iliishi kwa mali ya Kongo. Shaba ilitoka Katanga, na uranium ilitoka Shinkolobwe. Mwaka 1942 Wajapani walipoinyakua Malaya, bati la Asia likakatika, nao wakubwa wakayageukia machimbo ya kasiterite ya Maniema na Kivu. Mwaka huo huo Bulamatari aliongeza siku za kazi ya lazima vijijini kutoka 60 hadi 120 kwa mwaka. Na Desemba 1941, wafanyakazi wa Union Minière walipogoma Élisabethville kudai mshahara wa kutosha, walijibiwa kwa risasi, wakafa makumi.

Hatusemi kila msumari wa manowari zile ulilipwa na kasiterite yetu. Tunasema hivi: nchi iliyolishwa na Kongo vita vizima ilitoka vitani na nguvu ya kununua, na yule aliyeilisha alitoka na mgongo uliopinda. Katika kitabu cha hesabu, kazi iliandikwa upande wetu na faida upande wao.

Sasa tazameni matunda yake. Tarehe 30 Juni 1960 tulipata uhuru. Siku moja kabla yake ulitiwa sahihi mkataba wa urafiki, uliowaachia Wabeleji vituo vyao vya kijeshi, kama Kamina na Kitona. Lakini mkataba ule ulisema wazi kwamba askari wao hawataingia kazini nchini mwetu pasipo kuombwa na waziri wetu wa ulinzi. Waziri huyo alikuwa Patrice Lumumba mwenyewe. Baada ya siku chache askari wa Force Publique wakaasi. Tarehe 11 Julai manowari za Wabeleji zilizokuwa katika mto Kongo zikaupiga mji wa Matadi, na Wazungu wa mji ule karibu wote walikuwa wamekwisha kuondoka. Wakongo wakauawa. Siku hiyo hiyo Tshombe akatangaza kuikata Katanga.

Watu watasema Wabeleji walikuja kuokoa ndugu zao. Hatufichi kwamba askari waasi walitenda maovu, wakapiga watu na kuwaharibu wanawake. Lakini kumwokoa mtu ni kumpandisha melini ukaenda naye. Kuupiga mji alioutoka, kunamwokoa nani? Habari za Matadi zilienea kambini kwa redio, na hasira iliyokuwa inapoa ikawaka upya, hata Wazungu wa mahali pengine wakazidi kuwa hatarini. Tarehe 12 Julai Kasavubu na Lumumba waliomba msaada wa Umoja wa Mataifa, na tarehe 14 Baraza la Usalama likaitaka Ubelgiji iondoe askari wake.

Meli za aina ile ziliundwa kulinda misafara dhidi ya Hitler. Uzeeni zikatumwa kupiga bandari ya watu ambao kasiterite yao na shaba yao zilisaidia kumshinda huyo Hitler. Hiyo ndiyo shukrani tuliyopata.

Lakini tusiwalaumu wageni peke yao. Baadaye Zaire ya Mobutu nayo ilichukua boti za doria kutoka Marekani na China, na nyingi zikaoza kwa kukosa piesi. Ninyi mnaoshuka shimoni mnaelewa kuliko mawaziri: pampu isiyo na piesi ni chuma tu, na maji hayangoji barua ya ofisi. Anayekaa na piesi ndiye anayekaa na ufunguo, hata kama bendera iliyo juu ya mlingoti ni yako.

Nchi yetu ina pwani fupi, haifiki kilomita 50, lakini ina mto mkubwa, na mpaka wake wa mashariki unapita katika maziwa Albert, Edouard, Kivu, Tanganyika na Moero. Maji haya yanataka walinzi. Kwa hiyo tunadai mambo matatu. Kwanza, mkataba wowote wa kununua chombo cha vita, kipya au cha okazi, usomwe mbele ya wananchi pamoja na bei yake. Pili, sehemu ya kodi ya madini ijenge karakana na shule ya makanika kando ya maziwa yetu, ili watoto wa wachimbaji watengeneze mashini kwa mikono yao. Tatu, iwe ni sheria kwamba mzinga uliolipiwa na raia hautaelekezwa kwa raia.

Ndugu, mtu akija kuwasifia manowari, msiulize kwanza umri wake. Ulizeni ni nani anayeiamuru, ni nani anayeilipa, na mdomo wa mzinga wake unatazama wapi. Watu wa Matadi walijibiwa swali hilo kabla hawajaliuliza.